Vikapu Vitatu vya Majani Chai

Karani wa kituo cha majani chai alimwita mama yangu mvivu mbele ya watu, akamwaga kikapu chake chote chini kwa sababu majani yalikuwa yamegeuka mekundu. Mama, mvivu! Alikuwa ameyashindilia kwa mguu, kama wanawake wote wa kijiji chetu cha Ikonge, ili asipande kilima cha kituoni mara mbili.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, nami nilikuwa kidato cha pili katika shule ya harambee iliyojengwa kwa michango ya wazazi. Niliazima kipimajoto cha shule, nikajaza vikapu vitatu: kimoja nikakishindilia, kimoja nikakiacha kimelegea, cha tatu nikakifunika gunia bichi. Vyote niliviweka kivulini. Kile nilichoshindilia kilipata joto katikati hadi mkono ukakataa kukaa. Jani hupumua hata baada ya kuchumwa, na ukilibana, joto lake halina pa kutokea. Wiki tatu nilipima.

Kazi yangu ikachaguliwa kwenda maonyesho ya sayansi Kisii mjini. Kisha mwalimu wa sayansi akaniambia ni Jumamosi. Sisi ni Waadventista. Sabato kwetu hata chakula hupikwa Ijumaa. Basi siku ile nilikaa kanisani nikiimba bila kusikia ninachoimba, na kule Kisii mvulana wa kidato cha nne wa shule yetu akasimama mbele ya vikapu vyangu badala yangu.

Jumatatu mwalimu alileta cheti chenye jina la yule mvulana. Alikuwa wa pili. Nikauliza waamuzi walitaka kujua nini.

"Waliuliza hiyo joto inatoka wapi. Akawaambia ni jua."

Jua! Vikapu vilivyokaa kivulini!

Wiki hiyohiyo, sokoni Keroka, nikakutana na msichana wa shule nyingine, Mwadventista kama mimi. Yeye alisimama mbele ya waamuzi walewale Ijumaa mchana. Mwalimu wake aliomba tu, wakamkubalia. Nilirudi kwa mwalimu wangu.

"Mwalimu, ulijua kulikuwa na Ijumaa?"

"Nilijua. Lakini Kiingereza yako ingetuaibisha mbele ya wale waamuzi wazungu."

Wanasema mchumia juani hulia kivulini. Mimi nilichuma, akala mwingine. Nilimwambia mwalimu jibu lile ni la uongo na yeye anajua. Akanipa adhabu ya kufyeka nyasi juma zima. Nikafyeka, na hasira haijaisha.

Sasa nami ni mwalimu, na kila mwaka nazozana na wakuu wa shule ili wanafunzi wangu waende maonyesho. Wananiona natafuta sifa. Sifa wakae nazo. Ninachotaka ni mgeni amtazame mtoto machoni, amuulize alijuaje, na mtoto amjibu kwa kinywa chake. Mimi jibu nilikuwa nalo, na hakuna aliyeniuliza.