Sweta ya Mstari Mpana

Harufu ya sufu mpya, ya nguo ambayo haijawahi kufuliwa, mpaka leo hunifukuza. Nikiingia duka la sare za shule na binti yangu, najikuta nimesimama karibu na mlango. Yeye hunicheka. Hajui kwa nini, na nadhani nitawaambia ninyi kabla sijamwambia yeye.

Nilikuwa na miaka kumi. Tuliishi Jeppestown, chumba kimoja juu ya karakana ya kuchomelea vyuma, mimi na mama yangu. Alikuwa ametoka Bukavu mimi nikiwa mgongoni, na hapa Johannesburg alisuka nywele za watu. Shule yangu ilikuwa Kensington, na kwenye barabara kuu, kabla hujafika shuleni, palikuwa na duka la sare lenye geti la chuma mlangoni. Huingii wala hutoki mpaka mwenye duka, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya mnyororo, abonyeze kitufe chini ya kaunta, geti lilie kama nyuki, ndipo usukume.

Mwaka nilioanza shule, Mama alisimama nje ya geti hilo, mimi nimeshika sketi yake. Yule mwanamke alitutazama juu ya miwani, kisha akarudi kwenye gazeti lake. Tukangoja. Alipofika mteja mwingine, geti likalia, na sisi tukaashiriwa kwa kidole tupishe njia. Mama hakugombana. Alinishika mkono tukaondoka, akasema, akiziita pesa kwa jina la kwao, "Falanga zangu haziwezi kuingia mahali miye siingie."

Ndivyo alivyokuwa. Nyanya tulinunua kwa mwanamke ambaye alimwita mama yangu kwa jina, hata kama zimelainika. Mkate tuliufuata mitaa mitatu, kwa sababu mwenye spaza, kile kiduka cha jirani, alimrushia chenji juu ya kaunta badala ya kumpa mkononi. Na sweta yangu ya shule ilifumwa na Mama Zawadi, jirani yetu wa Kigoma aliyekuwa na mashine ya kufuma. Ilikuwa na joto kuliko zote darasani. Lakini mstari wake wa njano kifuani ulikuwa mpana mara mbili ya mistari ya wenzangu, nao wakaniita Roboti, kama tunavyoziita hapa taa za barabarani. Kila asubuhi niliivaa kama mtu anayeingizwa kwenye gunia.

Siku moja ya baridi shule ilifungwa mapema. Rafiki yangu Lerato alikwenda duka lile kununua soksi, nami nikamfuata. Nilitaka kugusa tu sweta za pale. Nikagusa, kisha nikavua yangu, nikaisokomeza kwenye begi, nikavaa sweta ya duka. Kwenye kioo nilimwona mtoto kama watoto wengine.

Lerato alilipia soksi zake, geti likalia, akatoka. Nilipogeuka nimfuate nilimwona Mama ng'ambo ya barabara, amekuja kunichukua, anatazama huku na huku. Nikajificha katikati ya sketi zilizotundikwa.

Mwenye duka akaona vidole vya viatu vyangu.

"Toka humo," alisema kwa Kiingereza. "Umevaa nini? Begi lako lina nini?"

Nilikimbilia getini, nikalisukuma, halikutikisika. Nilishika vyuma kwa mikono miwili. Nyuma yangu yule mwanamke alisema sitoki mpaka aje mzazi. Na mbele yangu mzazi alikuwa anavuka barabara, Lerato amemshika mkono. Sijawahi tena kuwa mahali padogo kama pale.

Geti likalia. Mama alisimama kizingitini kwa muda, akakitazama kile kizingiti. Kisha akaingia.

Alinivua sweta yeye mwenyewe, mikono yake ikinukia mafuta ya nywele. Akaikunja vizuri, akaiweka kaunta. Akafungua begi langu, akatoa daftari moja moja mpaka chini kabisa, akatoa sweta yetu, akanivalisha mbele ya yule mwanamke. Yule akavua miwani.

"Kumbe alikuwa anajaribu tu," alisema. "Kama unaitaka, nitakupunguzia bei."

Moyo wangu uliomba: Mama, kubali.

"Asante," Mama alisema. "Tufungulie geti."

Tulitembea hadi karibu na nyumbani. Nilijua fimbo inaningoja. Mama akaniuliza, "Mama, ulikuwa mrembo ndani ya ile sweta?" Ndivyo alivyoniita, mama, kama wanavyowaita binti zao kwao.

"Ndiyo."

"Niliona," alisema, wala hakunipiga.

Sweta ya mstari mpana niliivaa mpaka mikono ikanifika viwikoni. Miaka mingi nilidhani ulikuwa umaskini. Nikiwa mtu mzima Mama Zawadi aliniambia sufu peke yake ilimgharimu Mama zaidi ya sweta ya dukani. Nikakumbuka foleni za ofisi ya vibali, ambako hakuweza kuchagua dirisha, na mwenye nyumba aliyeingia chumbani bila hodi. Sokoni tu ndiko mama yangu alikoweza kusema hapana, na hapana yake ikasikika. Siku ile aliiacha hapana hiyo kizingitini ili anitoe, na mimi nilimnunia wiki nzima kwa sababu hakununua.