Georgette na Unga wa Kuvuta

Tangu afiwe na mume, Georgette wa Muhumba, mjini Bukavu, alikuwa amezoea kusikia mambo ya nyumba yake yakiamuliwa na wengine. Shule ya mtoto, ukarabati wa paa, hata rangi ya geti. Mengi aliyaacha yapite. Lakini hili la chakula cha mahari ya binti yake aliapa halitapita.

Jamaa za kijana Ulrich, watu wa mtaa wa Nguba, walikuwa wanakuja Jumamosi kumtolea Lucie mahari. Na shemeji yake Alphonse, baba yake Steve, kaka wa marehemu na mkubwa wa familia, alikuwa amekwisha kuzungumza na mpishi wa kukodi bila kumuuliza mtu.

"Maman Lucie, bale batu ni ba buffet," alimweleza kwa upole wa mtu aliyemaliza mambo. "Banazoea bitu bya kukunjwa-kunjwa, bya kukamata na vidole mbili. Weye utabapa nini? Sombe? Majani ya muhogo?"

"Nitabapa sombe, na bya kukunjwa nitabapa pia. Papa Steve, kuya hapa dimanche kisha misa. Ukikula na ukikataa, traiteur wako aingie mu jikoni yangu, sitasema neno."

Alphonse alicheka. Alikubali, kama mtu anavyokubali kucheza karata na mtoto.

Georgette alizaliwa Miti, kwa mkulima wa maharage, akasoma hadi akawa mwalimu wa jiografia hapa mjini. Wanafunzi wake wanajua kwamba ukishindwa kuchora Ziwa Kivu bila kutazama kitabu, utalichora tena mbele ya wenzako wote. Hapigi mtu, hatukani mtu, ila hasahau. Na kuna jambo moja linalomchemsha damu: imani ya watu wa mji huu kwamba kitu kizuri lazima kitoke mbali. Tunakaa juu ya ziwa, husema, tunafungua samaki wa kopo. Mikono tunayo, tunasubiri boksi.

Kwa hiyo aliposikia habari za unga ule mwembamba wa Wagiriki na Waturuki, ambao madukani hufika umegandishwa, kama umefika, na kama umeme haujakatika ukageuka uji, hakutafuta boksi. Alitafuta video kwenye simu. Akampata bibi mmoja wa Kituruki asiyesema neno, anayevuta donge la unga mpaka linakuwa kama pazia. Georgette hakuhitaji maneno. Alitazama mikono. Kisha akajaribu, ukatoboka. Akajaribu tena, ukatoboka padogo. Majirani walipomuuliza anachofanya, alisema anapika unga wa kuvuta, na jina likabaki hilo.

Jumapili ile, baada ya misa ya kwanza, alitandika kitenge safi juu ya meza, kile chenye ndege wa bluu. Unga wa ngano alikuwa ameukanda kwa maji ya vuguvugu, mafuta kidogo, chumvi na ndimu, akaupiga mezani mpaka ukalainika kama ndewe ya sikio, kisha akaulaza chini ya bakuli lililopashwa moto ili usahau hasira. Sasa aliusukuma kwa chupa, akaingiza migongo ya mikono chini yake, yeye upande huu, Lucie upande ule, wakauvuta taratibu wakizunguka meza.

"Polepole, Lucie! Hauvute kamba ya ng'ombe."

"Maman, naona ndege!"

Kweli, ndege wa bluu walikuwa wanaonekana chini ya unga, kila mmoja na mdomo wake. Georgette alitabasamu. Akapaka mafuta, akakata vipande, akavipanga tabaka juu ya tabaka, na vingine akavifunika kwa kitambaa kibichi visikauke. Kisha akajaza sombe. Sombe yake inasifiwa mtaa mzima: laini, nzito, inayoogelea katika mawese. Akakunja, akapanga ndani ya sufuria pana iliyotandikwa mchanga na bati, akaiweka juu ya mbabula, jiko lake la makaa, na juu ya kifuniko akamwaga makaa ya moto. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Hakuupa hata heshima ya kuulalamikia.

Alphonse alifika na suti yake ya misa, akaketi sebuleni.

Georgette alipofunua sufuria, juu palikuwa pa dhahabu. Alipoinua kipande cha kwanza, sehemu ya chini ikabaki kwenye bati. Mawese yalikuwa yamepenya tabaka zote.

"Chini imekuwa bouillie," alinong'ona Lucie.

"Maman Lucie!" Alphonse aliita kutoka sebuleni. "Nasikia munanong'ona. Ni chakula ao ni maombi ya mugonjwa? Nimuite traiteur?"

"Ikala tu, Papa Steve! Mugonjwa anaamuka!"

Sauti ilikuwa imara, lakini macho hayakutoka kwenye bati. Aliiona Jumamosi ikimtoka mikononi: watu wageni wenye kofia nyeupe jikoni kwake, na yeye, mama wa binti, ameketishwa sebuleni kama mgeni wa mwisho.

"Maman, tukamue sombe," alisema Lucie. "Tuikaushe, kisha tujaze tena."

"Sombe ya kukauka? Mutoto, uniue kwanza."

Ni mwanamke gani wa Bukavu angempa mkwe sombe isiyo na mchuzi? Afadhali alale njaa. Lakini alipokwisha kusema hivyo, Georgette aliutazama ule uji kama anavyotazama ramani iliyochorwa vibaya. Unga haukuwa na kosa. Sombe haikuwa na kosa. Yeye ndiye aliyeulaza mchuzi kwenye kitanda cha karatasi, kwa sababu tangu azaliwe hakuwahi kufikiri kwamba sombe inaweza kukaa kando ya kitu badala ya kukimeza.

"Sombe ikae mu sahani yake," alisema. "Leta sambaza."

Wale samaki wadogo wa ziwani walikuwa kwenye ungo, wamekauka kau. Akawakaanga wakalia, akawaponda nusu-nusu, akachanganya na kitunguu, pilipili na ndimu. Hakuna tone la mchuzi. Akafunua kitambaa kibichi, akachukua tabaka zilizobaki, akakunja kwa kasi. Sebuleni Alphonse alianza kukohoa kikohozi cha mkubwa aliyesahauliwa.

Safari hii kifuniko kilipofunuliwa, hata chini palikuwa pa dhahabu.

Alphonse aliwekewa sahani mbili, moja ya vitu vya kukunjwa, moja ya sombe inayong'aa. Akakamata kimoja, na kwa mazoea ya maisha yake yote akakifinya kiganjani ili akifanye tonge. Kikalia kraa! Vipande vikamwagika juu ya suti.

"Eeh! Hii kitu inakataa kusongwa!"

"Haisongwe, Papa Steve. Chovya tu."

Akachovya. Akatafuna. Sauti ya kutafuna ilisikika mpaka jikoni, alikosimama Lucie ameshika mlango. Alphonse akachovya cha pili, safari hii bila kutazama.

"Lakini hii haishibishe," alisema hatimaye. "Bugali iko wapi?"

"Mu sufuria, inakungojea. Ulizani nimegeuka muzungu?"

Lucie aliangua kicheko. Alphonse alijaribu kubaki na uso wa mkubwa wa familia, ukamshinda.

"Shida ni moja," alisema akijipangusa. "Gracien, ule traiteur, nilimupatiaka neno langu."

"Na miye ulinipatia. Ulisema ukikula na ukikataa. Umekataa?"

Alphonse aliitazama sahani. Kilikuwa kimebaki kimoja. Akakichukua.

"Sijakataa," alisema, akainuka, akatoka barazani na simu yake. Wakamsikia akiongea kwa sauti ya mtu anayetoa amri aliyoifikiria mwenyewe tangu mwanzo. "Allô, Gracien? Kwa ile dot ya samedi... hapana, chakula iko. Inapikwa hapa nyumbani, na maman ya mutoto. Weye utaleta viti. Viti tu."

Georgette alichungulia dirishani, mikono yake ingali na unga.

"Papa Steve! Mwambie alete bya nguvu. Batu ba Nguba batakula mpaka bashindwe kusimama."