Kitufe cha kijani cha dirisha la tatu

Saa moja na robo asubuhi. Foleni ya kliniki ya wajawazito imeshakunja kona na kufika kwenye bomba la kunawia mikono. Katika dirisha la tatu, karani anavuta kiti, anafuta vumbi kwenye kioo cha kompyuta kwa kiganja, kisha anamwita wa kwanza.

"Karibu, mama. Kadi umekuja nayo?"

Anachapa namba. Pembeni mwa fomu kuna kitufe cha kijani kisichozidi ukucha. Anakibonyeza, na nafasi zilizokuwa tupu zinajaa: umri, makazi, ndugu wa karibu. Anamsomea mama kwa sauti ya chini, anarekebisha namba ya simu iliyobadilika, basi. Dakika tatu.

"Zamani ilikuwa kumi na moja," anasema bila kugeuka. "Nilipima kwa saa ya ukutani, wiki nzima."

Kitufe hicho hakikuja na kompyuta. Amekitengeneza yeye, mama wa miaka arobaini na mbili aliyeajiriwa kama mpiga chapa, na wala hakuna aliyemtuma.

Wenye kazi yao wanakiita kiendelezi: programu ndogo inayobandikwa kwenye kivinjari, ile programu ya kufungulia tovuti, ili ifanye jambo ambalo haikuwa ikilifanya. Chake kinachukua majibu ya hudhurio lililopita kutoka kwenye mfumo uleule wa kliniki na kuyaweka kwenye fomu mpya. Fomu yenyewe ina kurasa nne, na kila hudhurio inauliza yaleyale.

"Mtu ana mimba ya miezi minane, miguu imevimba, amesimama, na mimi namuuliza jina la mumewe kwa mara ya tano," anasema. "Nilikuwa naona aibu, jamani."

Alijifunza kwa masomo ya bure ya mtandaoni, kwenye kompyuta ya mkononi ya mitumba iliyokuwa imeng'oka kitufe cha herufi R. Kila alipoihitaji alibonyeza shimo kwa ncha ya kalamu.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Aliandika maelekezo yake, akafungua fomu, na kitufe kikatokea chekundu. Akabadilisha rangi iwe ya kijani. Kikabaki chekundu. Akafuta nusu ya kazi, akaandika upya, na chekundu kikaendelea kumkodolea macho. Siku nne hizo hakukalika nyumbani.

Mficha uchi hazai. Siku ya tano aliuliza kwenye jukwaa la watengeneza programu, akieleza masaibu yake kwa aya sita. Mtu mmoja alimjibu kwa maneno mawili: "Umepakia upya?"

Hakuwa amepakia upya. Kivinjari kilikuwa bado kinashikilia toleo la kwanza, na ilitakiwa akiamuru kisome jipya kila anapobadilisha kitu. "Nilicheka mpaka mume wangu akaja kuangalia kuna nini," anasema.

Mume huyo, mpaka rangi wa majumba, naye ana kisa chake. Jioni moja alifungua matokeo ya mpira kwenye kompyuta ile, akakuta kitufe cha kijani kimekaa juu ya paji la uso la mlinda mlango.

"Nikamwambia, mke wangu, huyu naye ni mjamzito?" anakumbuka.

Walicheka wote wawili. Karani anakiri kwamba hapo ndipo alipopaswa kushtuka.

Alipokipeleka kwa mkuu wa kitengo cha kumbukumbu, mama aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, kompyuta ilitoa onyo kabla ya kukipokea kiendelezi: kinaweza kusoma na kubadilisha data yako yote kwenye tovuti zote. Mkuu aliondoa mkono kwenye kipanya.

"Mwanangu," alisema, "mgeni akiomba funguo za nyumba nzima ili anywe maji jikoni, mimi simfungulii. Humu kuna siri za watu. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Ukishindwa, tusilizungumze tena."

Karani alikwenda kulia chooni. Miezi saba ya kazi ilikuwa inaning'inia kwenye uzi.

"Halafu nikaona mama amesema kweli," anasimulia. "Mfano niliojifunzia uliomba tovuti zote, na mimi nikanakili kama kasuku. Sikujiuliza kwa nini nitake kuona hata mpira wa mume wangu."

Alipopunguza ruhusa, kitufe kilitoweka kabisa. Alipiga moyo konde, akajenga upya, kipande kwa kipande, wiki tatu, na safari hii hakusahau kupakia upya.

Siku ya mwisho ya mwezi alirudi. Onyo lilitokea tena, lakini sasa lilitaja anwani moja tu, ya mfumo wa kliniki. Mkuu alivaa miwani, akalisoma mara mbili, kisha akabonyeza mwenyewe kukubali.

"Huyu amebisha mlango mmoja," alisema. "Mpe kiti."

Leo madirisha yote matano yana kitufe cha kijani, na kabla ya saa sita mchana mabenchi huwa matupu. Kliniki nyingine mbili zinazotumia mfumo huohuo zimeshakiomba. Kwa hiyo wiki iliyopita karani alikituma kwenye duka la mtandaoni la viendelezi, kikaguliwe, ili yeyote anayekihitaji akichukue bure. Anasubiri majibu. Akishajibiwa, anataka kuwafundisha makarani wenzake ili nao watengeneze vyao.

Fomu ya duka ilikuwa na nafasi ya jina la mtengenezaji. Mumewe alimshauri abuni jina la kampuni, watu wapate kumheshimu.

"Nikamwambia, miaka kumi na tisa najaza majina ya watu," anasema, huku akimwashiria mama anayefuata asogee. "Hapo niliandika langu. Yote matatu. Na chini yake nikaandika: karani."