Vibanio vya Nguo kwenye Swichibodi

Nilipokuwa opereta wa simu Mbeya, katikati ya miaka ya sabini, kila simu iliyokatika ilikuwa kosa langu. Mafundi walihamisha nyaya bila kuniarifu, mtu wa Iringa akakatwa katikati ya neno, lawama zikanishukia mimi niliyekaa mbele ya swichibodi, ubao wa matundu ya kuunganishia simu. Nilishapewa barua ya onyo la mwisho: simu moja zaidi ikikatika, kazi sina. Niliogopa sana, na woga ukanifanya mkorofi.

Mkuu wa kituo aliona dawa ni fomu. Fundi aombe kwa nakala tatu, yeye asaini. Tulipoijaribu, kweli hakuna simu iliyokatika, kwa kuwa hakuna waya ulioguswa. Fundi alishinda kwenye benchi akimsubiri mkuu atoke kikaoni, na Iringa wakatuuliza kama tumehama.

Mimi nikaanua vibanio vya nguo kwenye kamba yangu nyumbani, mtaa wa Soweto hapo hapo Mbeya, nikavileta kazini. Fundi akitaka kugusa laini, anapita kwangu kwanza. Kibanio kimoja nakibana kwenye tundu la laini ile, nisiunganishe mtu. Cha pili nakibana kwenye kola yake mpaka amalize. Asiye na kibanio hagusi waya.

"Ofisi ya serikali si kamba ya kuanikia nguo," mkuu alisema. Ila akakubali tujaribu.

Asubuhi moja ya baridi alimwagiza fundi aihamishe simu yake kutoka ukutani mpaka dirishani, penye jua. Fundi akaulizia kibanio.

"Mkuu hapa ni nani? Nenda kazini."

Mimi sina habari. Fundi yuko nyuma ya jengo kwenye kisanduku cha nyaya, ikaingia simu kutoka Iringa: mama mkwe wa mkuu. Nikaunganisha. Mama bado anauliza kwa nini wajukuu hawaletwi kumwona, laini ikakatika.

Mkuu akatoka mbio. "Umekata tena! Basi, dada, kafungashe!"

Nikamwonyesha swichibodi: hakuna tundu lililobanwa. Papo hapo fundi akaingia, koleo mkononi, kola tupu.

"Tayari nimeikata, mkuu. Sasa naivuta dirishani."

Opereta mwenzangu wa Iringa alikuwa bado sikioni mwangu. "Dada, mama yuko hapa kaunta. Anauliza amemkosea nini mkwe wake, mpaka amkatie simu."

Nikayarudia maneno hayo yote, polepole, kwa sauti ya kiofisi.

Mkuu akamtazama fundi, akanitazama mimi. Kisha akasogea, akainua kidevu kama mtu anayenyolewa.

"Nibane," alisema.

Nikambana kwenye tai, ndipo nikampa kisikilizio changu akaombe radhi. Alasiri yeye mwenyewe aliichana barua yangu ya onyo, na kibanio kilikuwa bado kinaning'inia kwenye tai.