Gari Iliyokataa Kamukuywa

Gari ikikataa kwenda, mimi nataka kufungua boneti nione ni nini kimekataa. Hayo tu. Watoto wangu husema mzee anapenda vitu vya kale, ati anaogopa maendeleo, na mimi hunyamaza kwa sababu maelezo yake ni marefu na yanapita mahali ambapo sipendi kupita. Leo wacha nipite.

Pikapu yangu ni nyeupe, ama ilikuwa nyeupe kabla vumbi la Matisi, mtaa wetu hapa Kitale, halijaizoea. Nilinunua kwa jirani mkulima, mtu wa upande wa Kati aliyehamia huku Trans-Nzoia akiwa kijana, akalima mahindi mpaka mgongo ukapinda. Siku ya kunipa ufunguo aliniambia hii ni kama punda: ukiielewa haikutupi njiani, na ikikutupa ujue kuna mahali umeikosea. Alikuwa mtu wa maneno machache huyo, na hayo ndiyo marefu zaidi niliyomsikia akisema, ukiacha siku nguruwe wake walipoingia kwenye viazi vyangu.

Shule niliacha darasa la tatu. Wengi hapa husema waliacha kwa ajili ya karo. Mimi niliacha kwa sababu mwalimu alikuwa ananituma nikachunge ng'ombe wake, nikaona heri nichunge wa baba. Kwa hivyo mambo ya kusoma yalinipita. Lakini pikapu ile haikuhitaji kusoma. Ilitaka petroli, moto na hewa. Ikizima, kimoja kati ya hivyo kimekosekana, na unakitafuta kwa macho na vidole mpaka ukipate. Kwa miaka hiyo yote nikibeba mahindi ya watu, hakuna siku ilizima nisijue kwa nini. Nilichelewa, nililoa, nilitukanwa na wenye mzigo, lakini nilijua kwa nini.

Mke wangu aliipenda pikapu kwa sababu yake mwenyewe, nayo ni kwamba alikuwa mtu wa kutapika. Mama huyo mngemwona shambani mngesema hakuna ugonjwa unaoweza kumgusa, lakini mfungie ndani ya gari yenye vioo vimepandishwa, kabla ya kufika Kiminini amemaliza leso. Kwa pikapu alikuwa anazungusha kile kishikio, kioo kinashuka chote, anaweka kiwiko nje kama dereva wa lori. Hapo hata twende Uganda hatapiki.

Kijana wetu wa kwanza alipopata kazi nzuri Nairobi alikuja na gari mpya akitaka kumpeleka mama yake Eldoret atembee. Gari hiyo ina sauti ya mwanamke ndani inayoonyesha njia. Mke wangu alikuwa anaijibu. Ikisema pinda kushoto, yeye anasema asante mama. Halafu tumbo likaanza, akapapasa mlango akitafuta kishikio cha kioo, hakukiona, kulikuwa na vidude vya kubonyeza. Akabonyeza kimoja, kiti kikaanza kulala naye. Alitapika akiwa amelala chali, anaangalia juu, na yule mwanamke wa ndani anaendelea kueleza njia.

Aliporudi aliketi ndani ya pikapu, hapo tu chini ya mwavokado, haiendi popote, kioo kikiwa chini. Nikamletea maji. Akaniambia, "Baba watoto, mimi nikifa unibebe na hii. Mkiniweka kwa zile za kufungwa nitawatapikia hata nikiwa maiti."

Nilicheka. Na yeye alicheka. Lakini hakusema ni mzaha.

Sasa inabidi nieleze jambo moja la kwetu, kwa wasiojua. Kwetu Bungoma gari iliyobeba maiti ikikataa njiani, fundi si wa kwanza kuitwa. Watu wanashuka. Mtu wa karibu anasimama nyuma, karibu na sanduku, anamwita marehemu kwa jina lake la nyumbani na kumuuliza: ni nini? Nani amekukosea? Kama kuna neno, linasemwa hapohapo barabarani, na mwenye kuomba msamaha anaomba. Halafu gari inajaribiwa. Waliosoma wanacheka, lakini nimewaona waliosoma wakishuka.

Mama yangu mzazi nilimbeba kwa pikapu hiyo, kutoka Kitale mpaka nyumbani karibu na Kibabii. Tulipofika kilima kimoja ikakohoa, ikazima. Wajomba wakashuka, na sikuhitaji kuambiwa wanamwangalia nani. Mama na mke wangu walikuwa wamekosana kwa ajili ya jiko, jambo la zamani, na mama alikuwa na ulimi mrefu. Mke wangu alisimama kando ya barabara mikono imefungwa kifuani. Mjomba mkubwa alishafungua mdomo kuanza kumwita marehemu. Mimi nikafungua boneti. Nikafungua kabureta, pale petroli inapokutana na hewa, nikavuta kwa mdomo, nikatema petroli pamoja na kipande cha uchafu kidogo kama mbegu ya wimbi. Nikamwekea mjomba kwenye kiganja. Akakiangalia sana, akasema pengine mama ndiye amekiweka hapo. Watu wakacheka, kilio kikapungua, pikapu ikawaka, tukaenda.

Baadaye mke wangu alinieleza kwamba angeulizwa pale barabarani angeanguka, na kwamba mpaka kufa kwake angejua mama mkwe alimkataa. Alikuwa anakitaja kile kipande cha uchafu kama vile mtu anavyomtaja jirani aliyemtendea wema.

Basi, akaugua. Ugonjwa wake sitausimulia. Alifia hapa Kitale, na watoto wakaja wote. Niliwaambia nitambeba mwenyewe, na neno lake nikawapa kama alivyolisema. Kijana wangu akasema, "Baba, hiyo ni gari ya mahindi. Tukimweka hapo watu watasema mama yetu tulimtupa." Akasema mama alikuwa anatania, wote wanajua vile alivyokuwa. Akaanza kulia, mtu mzima mwenye ndevu, na mimi niliyemlea sikuwa na nguvu ya kushindana na machozi yake. Alitaka kumpa heshima. Hata leo simlaumu.

Alikodi gari ndefu, nyeusi, inayong'aa kama kiatu cha mhubiri. Inawashwa kwa kubonyeza. Mlango wa nyuma unajifungua wenyewe polepole, watu wanangoja umalize. Pikapu ikapewa dereva mwingine itangulie na kuni, sufuria na viti. Mimi nikawekwa mbele kwenye ile ndefu, karibu na dereva, sanduku likiwa nyuma yangu. Vioo vimepandishwa. Baridi ya mashine inatoka kwenye vitundu na kunipiga magotini. Nilikuwa najua kama angekuwa hai ningemsikia nyuma yangu akitapika, na sikusikia.

Tukapita Kiminini. Tulipovuka daraja la Kamukuywa, taa ikawaka mbele ya dereva, gari ikapungua, ikapungua, ikasimama. Akabonyeza. Akabonyeza tena. Kukaandikwa maneno.

"Imesema nini?" nikamuuliza.

"Imesema iko na shida, mzee."

"Shida gani?"

"Hiyo haijasema. Inataka kompyuta."

Nikamwomba afungue boneti. Alifungua kwa heshima tu, kwa sababu ya msiba wangu. Ndani kulikuwa na kifuniko kikubwa cha plastiki, cheusi, hakina hata bolti unayoweza kuweka spana. Nilisimama pale nikikiangalia. Nilitaka kuona hata waya mmoja. Dereva alikuwa anapiga simu Eldoret, na huko walikuwa wanamwambia angoje.

Nyuma magari yalikuwa yamesimama na watu wameshaanza kushuka. Hakuna aliyewaita. Dada mkubwa wa mke wangu, mama mfupi mwenye bakora, alikuja moja kwa moja mpaka nyuma ya gari. Kijana wangu akamzuia kwa upole, akamwambia ni kompyuta tu, mama mkubwa, itatengenezwa.

"Na jana ilikuwa inabeba nani?" akamuuliza. "Kompyuta imeanza kukataa leo?"

Yule mama akanigeukia.

"Shemeji, aliacha neno?"

Trekta ya miwa ilikuwa inapita, ikabidi tungoje ipite. Watu wote walikuwa wananiangalia. Nikasema. Nikasema alitaka abebwe na pikapu, kioo kikiwa chini, na kwamba hakupenda kufungiwa. Sikumtazama kijana wangu nikisema hivyo, lakini nilimsikia akivuta pumzi.

Pikapu saa hiyo ilikuwa mbali, labda imeshapita Chwele. Shemeji akaweka kiganja kwenye mlango ule mweusi, akamwita dada yake kwa jina la bibi yao, jina ambalo mimi nililisikia mara chache tu tangu harusi.

"Mdogo wangu, tumesikia," akasema. "Pikapu yako imetangulia na kuni. Iko nyumbani inakungoja. Hii uivumilie mpaka mlangoni tu. Vioo tunafungua."

Akamwambia dereva afungue vioo vyote, na dereva akabonyeza, vikashuka. Kijana wangu naye akaja, akainama karibu na mlango, akasema maneno ambayo hatukuyasikia. Halafu dereva akabonyeza kile cha kuwasha.

Ikawaka.

Wanawake wakaanza wimbo. Tukapanda, tukaendelea Kimilili mpaka Chwele upepo ukiingia ndani na kupeperusha shada, na watu kwenye magari ya nyuma walikuwa na amani, unaweza kuisikia kwenye uimbaji wao. Mimi nilimwinamia dereva nikamuuliza ilikuwa nini.

"Hizi, mzee, hujizima zikipata joto. Zikipoa zinaamka."

"Kwa hivyo ni joto."

Alifikiri, macho barabarani. "Mimi naendesha tu, mzee."

Nyumbani njia ya kuingia ilikuwa matope, na ile ndefu iko chini sana, haikuweza. Sanduku likashushwa barabarani na kubebwa mabegani. Pikapu ilikuwa imeegeshwa langoni, kuni zimeshashushwa, kuku wawili wamepanda juu. Walimpitisha karibu nayo kabisa. Nilidhani watasimama. Hawakusimama, matope yalikuwa yanawashinda.

Tangu siku hiyo ninalo swali moja na halina pa kufungulia. Kama alikataa, basi alikuwa anasikia, na kutoka Kitale mpaka darajani alifungiwa ndani ya kitu alichokichukia, mimi nimeketi mbele yake nimenyamaza. Na kama ni joto, basi hakukuwa na mtu. Yale yote aliyoambiwa na dada yake, na yale kijana wangu aliyoinama kumwambia, yalianguka kwenye lami. Nikiamka asubuhi nachagua moja, mpaka jioni nimechoka nalo, nachagua lingine. Siku ya mama yangu nilikuwa na kipande cha uchafu kwenye kiganja. Siku ya mke wangu hakuna mtu aliyenipa kitu.

Kijana wangu amesema ataniletea gari ndogo mpya, inayojiegesha yenyewe, nistarehe uzeeni. Nilikataa. Alidhani nina hasira naye bado. Nikamwambia hapana bana, nimezoea tu hii. Tukaongea mambo ya mahindi.

Juzi baada ya mvua nilienda kuona kaburi, peke yangu. Kioo cha upande wake sikipandishi, hata mvua iingie, kiti kimeshaoza. Nikavuka daraja la Kamukuywa, na mbele kidogo, sisemi ni palepale lakini ni karibu, pikapu ikashtuka, ikazima. Ikaserereka mpaka kando, ikatulia.

Sikushuka. Nilikaa na mikono kwenye usukani. Nikamwita kwa jina lile la bibi yake. Nikamwambia kwamba nilikuwa nasikia baridi ile magotini njia nzima, na kwamba nilipaswa kusema fungueni vioo tangu Kitale. Nikamweleza habari za kijana, na za mwavokado, umezaa sana mwaka huu, matunda yanaoza chini. Nikamuuliza kama ni yeye. Upepo ulikuwa unaingia upande wake.

Halafu nikashuka na kufungua boneti. Nilitafuta polepole, nikiomba nisione kitu. Nilishika plagi moja moja. Nilifungua kabureta, ilikuwa safi, nikaanza kuamini ni yeye. Kisha nikainua macho nikaona waya wa koili, ule unaopeleka moto kwenye plagi, umechomoka, unaning'inia.

Niliushika muda mrefu, nimesimama pale kando ya barabara. Halafu nikaurudisha mahali pake, na pikapu ikawaka mara moja.