Birika la nyumba ya tatu

Nyinyi wajukuu mutakaosoma hii, musijivune kwamba mulizaliwa katika familia yenye restora tatu. Mulikuta chakula mezani. Miye nilianza Mulongwe, kando ya muto, na sufuria mbili na mabenchi manne. Muto ulipojaa, ukachukua mabenchi yote. Watu wakakula wamesimama wiki nzima. Waliendelea kuja.

Haikuwa sababu ya samaki. Mukeke wa ziwani kila mutu anakaanga. Ila kwangu mugeni akishakaa, kabla ya sahani, nilimuletea birika la maji ya vuguvugu na beseni, nikamunawisha mikono. Nilianza na mukubwa wa umri. Hata kwenye restora ya pili, ile ya Rugenge, tulifanya vile.

Ya tatu aliijenga mutoto wangu wa mwisho, kando ya ziwa. Akatandika vitambaa vyeupe kwenye meza, akaweka lavabo mbili za kunawia, zenye kioo. Nikamuuliza birika iko wapi.

"Mama, hii ni nyumba ya heshima. Kila mutu atajinawia mwenyewe."

"Heshima gani ya kusimamisha mugeni?"

Akacheka.

Karamu ya kwanza kubwa ilikuwa ya familia mbili zilizokuja kumaliza maneno ya mahari. Mwanangu alinielezea: ikienda vizuri, harusi za muji muzima zitakuja kwake, ikiharibika, atafunga mulango, maana hakuna mutu atakayeoza binti mahali ambapo mahari ilikufia.

Chakula kikafika. Hakuna aliyegusa. Wazee wa upande wa kijana walikaa mikono juu ya magoti. Wazee wa upande wa binti wakaanza kuangaliana. Jikoni wapishi walilaumiana juu ya chumvi. Mwanangu alionja samaki mara tatu, kisha akanifuata nilipokuwa ninachambua majani ya sombe.

"Mama, wanakataa. Muzee wa upande wa kijana ameshaomba kofia yake."

"Nani aliwanawisha?"

"Lavabo iko pale. Iko na kioo."

"Muzee wa miaka ile, weye unamutuma akajiangalie kwenye kioo?"

Nikachukua birika la chai. Beseni haikuwako, nikabeba bakuli la saladi. Nikapiga magoti mbele ya yule muzee, naye akanyoosha mikono kama mutu aliyekuwa anangoja tangu asubuhi.

"Tulizani mumetuita kuangalia chakula," akasema.

"Hapana, muzee. Ni mutoto wangu, alisoma sana."

Meza nzima ikacheka, mwanangu peke yake hapana. Nikazunguka wote. Samaki walikuwa wamepoa, lakini walimaliza mpaka vichwa. Kofia ikarudi kwenye musumari wake. Binti akaolewa.

Walipoondoka, mwanangu akakusanya wafanyakazi, akataka kujua nani kati yao atashika birika. Nikamukata maneno.

"Weye ndiye mwenye nyumba. Kuanzia kesho utanawisha wageni weye mwenyewe, na kravati yako hiyo hiyo. Kwenye lavabo watanawa wapishi."