Laana ya Kwenye Tamthilia

Likizo ile nilipanda kijijini kwetu Nainokanoka nikiwa nimechoka hoi. Wanafunzi wangu wa kidato cha tano kule Karatu walikuwa wananisubiri niwafafanulie tamthilia ya kale ya ng'ambo, na mimi mwalimu wao nilikuwa nimeisoma mara tatu bila kuambulia kitu. Mfalme anamlaani mwanawe, mwana anaondoka, halafu watu wanaongea kurasa arobaini. Niliichukia.

Nyumbani mtandao unashika mahali pamoja tu, kwenye kichuguu nyuma ya boma. Nilijikunyata pale na blanketi mabegani, nikifungua tovuti moja baada ya nyingine: muhtasari, maswali na majibu, video ya profesa aliyekwama kila baada ya sentensi mbili. Wote waliimba wimbo mmoja, kwamba laana ile ni mbinu ya kisanaa ya kuonyesha hasira ya mfalme. Nikanakili hivyohivyo. Mwalimu aliyechoka hachagui.

Baba alikuwa karibu, anaangalia ndama. Akaniuliza kwa Kimaasai ni kitu gani kinaninunisha namna ile. Nikamsimulia kisa chote, nikamalizia na ile mbinu ya kisanaa.

"Hasira?" akasema. "Hasira inapoa ng'ombe wakirudi. Neno la baba halipoi. Alilirudisha kabla hajafa?"

Nikatafuta. Tovuti hazikuwa na habari na jambo hilo, ikabidi nirudi kwenye tamthilia yenyewe, ukurasa wa mwisho.

"Hapana, baba. Alikufa nalo."

Akawaacha ndama, akanisogelea. Hapo ndipo nilipotambua nimetonesha kidonda. Miaka sita nyuma kaka yangu aliuza madume mawili ya baba bila ruhusa, akaenda mjini, na baba akamtamkia maneno ambayo sitayaandika. Tangu siku hiyo kaka hajakanyaga boma letu. Mama alilia mpaka akazoea, na sisi wengine tukajifunza kutomtaja. Kuishi hivyo kunachosha kuliko kufundisha.

"Kwani huyo mfalme alikosa mtu wa kumtuma akamwite mtoto?" baba akauliza.

"Alikuwa nao wengi."

"Basi alikuwa mjinga. Mpigie kaka yako."

Nikapiga. Kaka alipopokea nikaweka spika, nikampa baba simu. Kwetu mzee akimbariki mtoto humtemea mate kidogo kichwani. Baba aliishika simu kwa mikono miwili.

"Baba?" kaka akaita. Kisha tena, "Baba?"

Mzee akaiinamia simu, akaitemea mate, mara moja, kisha mara ya pili.

Kaka aliutambua mlio ule. Mtu mzima, baba wa watoto wawili, nilimsikia akilia.